Ukaguzi wa chinichini unavyookoa data kwenye diski za RAID

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KUMBUKUMBU za sokwe wa Gombe zilianza kuandikwa kwa mkono mwaka 1960, pale Jane Goodall alipofika Julai mwaka huo kwenye ufuko huo wa Ziwa Tanganyika, ulio kiasi cha kilometa 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mei 1975, wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa Watanzania. Hao ndio walioendelea kupanda milima, kufuata sokwe tangu asubuhi hadi jioni na kuandika kwa Kiswahili kila walichokiona. Goodall alifariki dunia Oktoba 1, 2025 akiwa na umri wa miaka 91, lakini kumbukumbu alizozianzisha bado zinaongezeka.

Kuanzia miaka ya 1990 makaratasi hayo yalikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, ambako kazi ya kuyaingiza kwenye kompyuta ilishika kasi, na mwaka 2010 yakahamia Chuo Kikuu cha Duke. Kumbukumbu za Gombe ziliingia hivyo katika njia inayopitwa leo na karibu kila kumbukumbu yenye thamani, kuanzia mafaili ya wagonjwa hospitalini na hati za viwanja katika halmashauri hadi takwimu za samaki. Zilitoka kwenye karatasi zikaingia kwenye diski.

Karatasi ina wema mmoja. Ikiliwa na mchwa au ikilowa, anayefungua kabati huona. Diski haina wema huo. Sehemu ndogo ya diski inaweza kuharibika leo na isijulikane kwa miaka mitatu, kwa sababu tu hakuna aliyelifungua faili lililokuwa hapo. Taa ya kijani mbele ya seva itaendelea kuwaka, watumishi wataendelea na kazi, na hasara itajulikana siku ambayo faili hilo linahitajika, au siku mbaya zaidi, ambayo diski ya jirani yake imekufa.

Ili kukabili hatari hiyo, mifumo ya kuhifadhi data iitwayo RAID ilipewa kazi ya ziada ambayo watumiaji wengi hawaijui. Ni ukaguzi wa chinichini: mashine inazisoma diski zake zote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuombwa na mtu, wakati ambao haina shughuli nyingi.

Namba nne na jumla yake

Jina RAID lilienea baada ya andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa rahisi. Badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, mtu anaweza kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zikafanya kazi kama diski moja. Kasoro ya mpango huo waliiona wenyewe mapema: diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa nao huongezeka. Kwa hiyo ni lazima data ziwe na ziada, ili diski moja ikiondoka, zilizobaki ziweze kuijaza nafasi yake.

Namna ya kwanza ya kuweka ziada ni ya pacha, ambayo kwa lugha ya fani hii huitwa RAID 1. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Ni salama na ni rahisi kuielewa, ila nusu ya fedha inakwenda kwenye nakala.

Namna ya pili hutumia hesabu. Chukua mfano wa karani wa mwaloni anayepokea dagaa kutoka mitumbwi mitatu, kila mmoja ukiwa na daftari lake. Siku moja mtumbwi wa kwanza unaleta ndoo 12, wa pili 7 na wa tatu 9. Karani anaandika jumla, 28, kwenye daftari la nne. Daftari la mtumbwi wa pili likianguka majini, hakuna kilichopotea: 28 toa 12 toa 9, jibu ni 7. Diski za RAID 5 hufanya jambo la aina hiyo kwa biti, yaani sifuri na moja, na ile namba ya nne huitwa pariti. RAID 6 huweka pariti mbili za aina tofauti, hivyo huvumilia kufa kwa diski mbili kwa wakati mmoja.

Sasa turudi kwa karani. Tuseme daftari la pili limezama, na anapofungua daftari la tatu anakuta ukurasa wa siku hiyo umelowa, namba haisomeki. Ana 28, ana 12, basi. Ukurasa huo umelowa tangu lini? Huenda ni tangu masika ya mwaka juzi. Kama angelifungua daftari hilo wakati yale mengine yote yalikuwa mazima, angeipata ile 9 kwa hesabu hiyohiyo na kuiandika upya. Hakulifungua. Hasara yake basi ilianza siku ile ukurasa ulipolowa bila mtu kuusoma, na kuzama kwa daftari la pili kuliifichua tu.

Hapo ndipo ilipo shabaha yote ya ukaguzi wa chinichini. RAID inahesabu kwamba diski zilizobaki zinasomeka zote, kila sehemu, siku ya dhiki. Hesabu hiyo ni ya kweli tu kwa mashine inayozisoma mara kwa mara.

Ukubwa wa diski za kisasa umelifanya suala hili kuwa zito kuliko lilivyokuwa mwaka 1988. Watengenezaji wa diski za kawaida huandika kwenye karatasi za bidhaa zao kwamba kosa lisilorekebishika halitazidi moja katika kila biti trilioni 100 zinazosomwa, ambazo ni sawa na terabaiti 12.5. Mfumo wa RAID 5 wenye diski nne za terabaiti nne, diski moja ikifa, unalazimika kusoma tatu zilizobaki zote ili kuijenga upya iliyoondoka. Hizo ni terabaiti 12, au biti trilioni 96. Kwa vitendo diski nyingi hufanya vizuri kuliko kiwango hicho kilichoandikwa, na wanaotumia hesabu hiyo kutangaza kwamba RAID 5 imekufa wanatia chumvi. Lakini ni wazi kuwa siku ya kujenga upya si siku ya kusoma diski kwa mara ya kwanza.

Yaliyoonekana kwenye diski milioni moja na nusu

Kwa muda mrefu suala hili lilikuwa la kukisia. Mwaka 2007 tafiti kadhaa zilitoka karibu kwa pamoja na kuleta takwimu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison na kampuni ya NetApp walifuatilia diski milioni 1.53 zilizokuwa kazini kwa muda wa miezi 32. Waliona kwamba asilimia 3.45 ya diski hizo zilipata makosa yaliyofichika, yaani sehemu ambazo hazikusomeka tena ingawa diski yenyewe iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Sehemu kubwa ya makosa hayo, zaidi ya asilimia 60, yaligunduliwa na ukaguzi wa chinichini kabla ya mtumiaji yeyote kuyakuta. Diski za bei nafuu ziliathirika zaidi kuliko zile za gharama kubwa, jambo la kuzingatiwa na kila anayenunua kwa bajeti ndogo.

Mwaka huohuo, Bianca Schroeder na Garth Gibson, huyu wa pili akiwa mmoja wa wale watatu wa mwaka 1988, walichapisha uchunguzi wao wa diski zipatazo 100,000. Karatasi za watengenezaji zilikuwa zikiahidi kwamba diski zinazokufa kwa mwaka hazitafika asilimia moja. Kwa hali halisi, kiwango cha diski zilizobadilishwa kwa mwaka kilikuwa kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na mahali pengine kilifika asilimia 13.

Utafiti wa tatu, wa Google, ndio wenye faida kubwa zaidi kwa fundi. Watafiti hao walibaini kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza wakati wa ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa katika siku 60 zinazofuata ni mara 39 kuliko wa diski isiyo na kosa kama hilo. Kwa maneno mengine, ukaguzi unarekebisha sehemu moja iliyoharibika na papo hapo unatoa taarifa ya msiba ulio njiani. Utafiti huohuo uliona pia kuwa joto lina uhusiano mdogo na vifo vya diski kuliko ilivyoaminika, habari njema kiasi kwa vyumba vya seva visivyo na kiyoyozi cha uhakika, ingawa si ruhusa ya kukizima.

Mwaka 2008 ukafuata uchunguzi mwingine wa Wisconsin-Madison na NetApp, wa miezi 41, uliohusu data zilizobadilika kimyakimya bila diski kutoa kosa lolote. Matukio zaidi ya 400,000 yalihesabiwa. Asilimia 8 kati yake yaligundulika wakati diski nyingine ilikuwa inajengwa upya, yaani katika saa ileile ambayo hakuna ziada ya kutegemea.

Ukaguzi unavyofanyika

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta dagaa, hivyo mitumbwi hukaa ufukoni siku kadhaa, na ndio wakati nyavu hutandazwa na kushonwa. Hakuna mvuvi anayesubiri wavu upasuke ukiwa na samaki ndipo atafute tundu. Seva nayo ina mbalamwezi yake. Ni usiku wa manane, mwisho wa wiki, au sekunde chache tu kati ya ombi moja na jingine.

Katika nafasi hizo, kidhibiti cha diski au programu ya mfumo hutuma ombi la kusoma kipande kimoja, kisha kinachofuata, hadi mwisho wa diski, kisha huanza tena. Kipande kikisomeka, basi, kazi inaendelea. Kisiposomeka, mfumo huchukua vipande vya diski nyingine, hupiga hesabu ya pariti, hupata kilichopotea na kukiandika upya. Diski yenyewe, ikiona sehemu ile haiandikiki vizuri, huitupa na kutumia sehemu ya akiba iliyowekwa na kiwanda kwa ajili hiyo. Mtumiaji hajui lolote.

Inafaa kutofautisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kusoma tu, kuona kama kila sehemu inatoa jibu. Ya pili inakwenda mbali zaidi: inalinganisha pacha na pacha mwenzake, au inapiga upya hesabu ya pariti na kuona kama inalingana na iliyoandikwa. Kazi ya kwanza hukamata ukurasa uliolowa. Ya pili hukamata ukurasa unaosomeka vizuri lakini una namba isiyo sahihi.

Vidhibiti vya jamii ya MegaRAID, pamoja na vile vya PERC vinavyouzwa ndani ya seva za Dell, hufanya ile kazi ya kwanza kwa mpango wa kila saa 168, yaani mara moja kwa wiki. Vile vya HP vya Smart Array husubiri diski zikae kimya kwa sekunde chache, kisha huanza. Katika mfumo wa Linux, ambao unatumiwa sana na taasisi zisizotaka kulipia leseni, RAID ya programu hukaguliwa kwa amri maalumu, na mfumo wa Debian kwa miaka mingi umekuja na ratiba tayari: Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 6:57 usiku.

Ratiba hiyo ya Debian inahitaji kutazamwa kwa makini na wasomaji wa mikoa ya pembezoni. Imeandikwa na watu ambao seva zao hazizimwi. Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa katika miaka ya 2020, na ofisi nyingi zilijenga desturi ya kuzima kila kitu Ijumaa jioni ili kuokoa mafuta, betri au bili. Desturi hiyo ni ya busara kwa taa na kwa feni. Kwa seva yenye ratiba ya usiku wa kuamkia Jumapili, ina maana kwamba ukaguzi haujawahi kufanyika hata mara moja, na hakuna kosa litakaloonyeshwa, kwa sababu ratiba iliyokosa umeme hailalamiki. Dawa yake ni dakika tano za kazi: kuihamisha ratiba kwenda siku na saa ambayo mashine huwa imewashwa, mathalani Jumatano saa 7 mchana watu wakiwa kwenye chakula.

Kukatika kwa umeme katikati ya kazi nako kuna mambo yake. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2005, ukikatishwa huendelea kukagua kutoka pale ulipoachia mashine inapowashwa. Ukaguzi wa Linux unaoanzishwa kwa amri ya kawaida hauna hakika hiyo, na unaweza kuanza upya mwezi unaofuata, ukakatishwa tena pale pale. Matokeo yake nusu ya kwanza ya diski hukaguliwa mara kumi na mbili kwa mwaka, na nusu ya pili haikaguliwi kamwe. Umeme ukikatika wakati RAID 5 inaandika, pia huweza kuacha data mpya na pariti ya zamani zisizolingana, jambo ambalo ukaguzi wa kulinganisha utaligundua baadaye. Ndiyo maana vidhibiti vizuri huwa na betri yao ndogo, na ndiyo maana UPS si kifaa cha anasa.

Gharama ya ukaguzi ni muda. Diski ya terabaiti nne inayosomwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde humalizika kwa saa saba na nusu hivi. Ikiwa watumishi wanafanya kazi wakati huohuo, mfumo hupunguza kasi ya ukaguzi ili wasichelewe. Linux kwa kawaida huruhusu ukaguzi ushuke hadi kilobaiti 1,000 kwa sekunde mashine ikielemewa. Kwa kasi hiyo diski ileile itachukua siku zipatazo 45, na ratiba ya kila mwezi inakuwa ndoto. Fundi anayesikia malalamiko kwamba “kompyuta ni nzito leo” hushawishika kukizima kitu hiki moja kwa moja. Afadhali apandishe kiwango cha chini kidogo kidogo na kuwaambia watumishi siku ya ukaguzi ni ipi.

Nakala mbili zikipingana

Ukaguzi wa kulinganisha unaweza kuleta swali gumu kuliko lile ulilokuja kujibu. Diski pacha zote mbili zinasomeka, hakuna iliyotoa kosa, lakini zinasema mambo tofauti. Ipi ni ya kweli?

Ujiji ina kisa chake kinachofanana na hicho. David Livingstone, aliyekutwa hapo na Henry Morton Stanley mwaka 1871, alikuwa amerudi kutoka Manyema akiwa na shajara aliyoiandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino wa rangi ya mimea, baada ya kuishiwa karatasi na wino. Baadaye aliinakili kwenye daftari lake kubwa, na toleo lililochapishwa baada ya kifo chake lilitokana na nakala hiyo. Wino wa shajara ya kwanza ulififia hadi ukawa hausomeki. Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilichapisha maandishi hayo baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, na ndipo ilipoonekana kwamba nakala na chanzo chake hazikubaliani kila mahali, ikiwamo katika sehemu zinazohusu mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871. Kwa karibu miaka 140 wasomaji walikuwa na maandishi mawili ya mtu mmoja, na walilolisoma ni moja tu.

Mwanahistoria ana njia za kupima: mwandiko, tarehe, nani alikuwa na sababu ya kubadilisha nini. RAID 1 ya kawaida haina chochote. Ikiamriwa irekebishe tofauti, programu ya Linux huchukua nakala ya diski ya kwanza na kuifunika ya pili, hata kama ya pili ndiyo iliyokuwa sahihi. Katika RAID 5 hudhani data ni sahihi na kuandika pariti upya. Kwa hiyo amri ya kukagua na amri ya kurekebisha ni vitu viwili, na anayejali data zake hutumia ya kwanza, akasoma majibu, kisha akafikiri.

ZFS na mifumo mingine iliyokuja baadaye ililitatua suala hili kwa kuambatanisha kila kipande cha data na namba ya uthibitisho inayokokotolewa kutoka kwenye data zenyewe na kuhifadhiwa mahali pengine. Biti moja ikibadilika, namba haitalingana, na mfumo utajua ni pacha yupi anayedanganya. Kwa kumbukumbu zisizoweza kupimwa tena, tofauti hii inatosha kuamua ununue mfumo gani.

Na kumbukumbu za aina hiyo mwambao huu unazo nyingi. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake ulioonyesha kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wa chakula cha msingi cha samaki ulikadiriwa kushuka kwa asilimia 20 hivi, kiasi kinachoweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Wanasayansi wengine wamesisitiza kuwa uvuvi wenyewe nao una sehemu yake. Mjadala huo, ambao unagusa dagaa na migebuka ya kila siku, usingewezekana bila vipimo vya joto la maji vilivyochukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ambavyo mtu aliweza kuvisoma karibu miaka 90 baadaye. Hakuna anayeweza kurudi kupima joto la ziwa la mwaka 1913. Vipimo vinavyochukuliwa leo Kigoma vitahitajika kwa namna hiyohiyo, na vimo ndani ya diski.

Ukaguzi usichoweza

Ni kosa kudhani kwamba RAID iliyokaguliwa vizuri ni nakala ya akiba. Mtumishi akifuta faili kwa bahati mbaya, limefutwa kwenye diski zote kwa sekunde moja, na ukaguzi utathibitisha kwa ukamilifu kwamba halipo. Virusi wanaofunga mafaili na kudai fedha huandika uharibifu wao kwa pariti sahihi kabisa. Moto na wizi havichagui diski. Hata ziwa lenyewe, katika miaka ya 2020 maji yake yalipanda na kuingia kwenye makazi na maeneo ya bandari za mwambao, ikiwamo Bujumbura na Uvira, na seva iliyo ghorofa ya chini haiogelei. Nakala moja nje ya jengo, na ikiwezekana nje ya mkoa, haina mbadala, na nayo pia inahitaji kusomwa mara kwa mara kwa sababu zilezile.

Diski zisizo na sehemu zinazozunguka, ambazo sasa zimejaa madukani, hazijaondoa shida hii. Hizo huhifadhi data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja, hasa diski ikikaa muda mrefu bila kuwashwa. Kuiweka kabatini miaka mitano na kuamini kwamba kila kilichomo kitakuwepo ni kucheza bahati nasibu.

Kwa mkuu wa ofisi asiye fundi, maswali ya kumuuliza anayetunza seva ni machache. Ukaguzi wa mwisho ulikamilika tarehe ngapi, si ulianza tarehe ngapi. Ulipata makosa mangapi na kwenye diski ipi. Taarifa zake huenda wapi, kwa sababu mifumo mingi hutuma barua pepe kwa anwani iliyowekwa siku ya kufunga seva, na aliyekuwa na anwani hiyo huenda alishahamishwa kituo. Jibu la “taa ni ya kijani” halijibu hata moja kati ya hayo.

Kosa likionekana, kuna jambo la mwisho ambalo kwa Kigoma ni zito kuliko kwa Dar es Salaam. Zile siku 60 za utafiti wa Google zinaanza kuhesabiwa. Diski ya aina inayohitajika huenda haipo mjini, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,200. Kuanzia kuandika dokezo, kupata bei, kuidhinishwa malipo hadi mzigo kufika, wiki kadhaa zinaweza kupita, na muda wote huo mfumo unaitegemea diski iliyokwisha kutoa dalili. Ofisi zinazoweza kumudu huweka diski moja ya akiba tangu siku ya kununua seva, ikiwa imechomekwa tayari ndani ya mashine. Diski hiyo nayo iingizwe kwenye ratiba ya ukaguzi, maana inaweza kukaa miaka bila kuandikwa kitu na ikaharibika kabla haijaanza kazi.